Jumamosi Niliyomsingizia Mzee

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi, mkubwa wa watoto watatu waliobaki bila baba wala mama. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Shangazi yetu, dada ya baba, aliyekuja kukaa nasi baada ya msiba na hakuondoka tena. Muuguzi wa zahanati ya mtaa. Mzee, mwenye duka nililolifanyia kazi. Askari watatu kwenye kizuizi cha barabara ya Kibombo, ambao mmoja tu kati yao alisema nasi. Na sista mmoja wa hospitali ya misheni. Mdogo wangu wa katikati hakuwepo. Alikuwa kwa mjomba huko Lubutu.

Nawataja wote kwa sababu ni wawili tu kati yao waliojua kilichotuchelewesha, na mmoja wa hao wawili alinyamaza kwa ajili yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire, nasi sote tulikuwa masitwayeni, yaani wananchi kwa Kifaransa, hata shangazi ambaye hakujua neno moja la Kifaransa. Baba alikufa wakati wa uasi kabla ya kumwona mtoto wake wa mwisho. Mama alimfuata miaka mitatu baadaye, nami nikaacha shule katika mwaka wa kwanza wa sekondari, nikaenda kubeba magunia dukani kwa Mzee. Sikuwa mtu wa vitabu. Nilikuwa mtu wa kushika neno. Ukiniambia ngoja hapa, utanikuta hapo hapo. Kwa tabia hiyo watu walinisifu, na Mzee akanipa funguo za ghala nikiwa bado sijaota ndevu.

Mzee, mtaa ulimwita Mgiriki, maana wafanyabiashara weupe wa Kindu wengi wao walikuwa Wagiriki na hakuna aliyejali tofauti. Mwenyewe alikuwa Myahudi, mzaliwa wa kisiwa cha mbali, aliyeingia Maniema akiwa kijana akauza chumvi, majembe, vikwembe vya kujifunga na mabakuli ya bati. Mke wake alikuwa amekufa. Hakuwa na mwenzake wa dini hata mmoja mjini. Alisali peke yake chumbani, uso wake ukielekea upande ambako mto unakwenda.

Ijumaa alifunga duka saa tisa. Nilikuwa nikitoka msikitini narudi kumsaidia. Nilitia makaa kwenye jiko la mbabula, nikaweka juu yake chungu cha maharage, nyama na mayai, ambacho kingekaa mpaka kesho yake bila mtu kukichochea. Yeye alioga, akavaa shati jeupe, akatoa mifukoni kila kitu: pesa, kalamu, kitambulisho, funguo za kamyoneti, gari lake dogo la mizigo. Alivitia vyote kwenye droo ya meza, akaisukuma kwa goti. Tangu hapo mpaka Jumamosi jioni, nyota tatu zikionekana angani, hakuandika, hakuwasha moto, hakuuza, hakuendesha gari.

Jumamosi ndiyo siku ya soko kubwa. Siku moja nilimwuliza.

"Mzee, watu wote wananunua leo. Hauogopi njaa?"

"Siku sita niliogopa vya kutosha," akasema. "Leo ninapumzika hata kuogopa."

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kukaa akimngojea Mungu. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa alipanda mwenyewe juu ya paa la ghala na nyundo, mzee wa miaka sitini, akagonga msumari mmoja mmoja. Mimi nilishika ngazi chini.

"Mzee, ni nani anayelinda chumvi, misumari ao Mungu?"

"Mungu."

"Sasa unapanda nini?"

"Mungu hapandi ngazi," akasema huku msumari ukiwa mdomoni. "Sikia. Kazi yangu hailete chakula. Chakula kinaletwa na Mungu. Kazi ni kodi. Usipolipa kodi, hauingii sokoni. Lakini usiseme kodi yako njo ilijaza soko."

"Na kama umepigilia yote, na upepo ubebe paa?"

"Basi nitalia kama mtu, si kama mvivu. Shika ngazi vizuri."

Maneno hayo niliyapenda. Nilimsimulia shangazi nyumbani, naye akasema hata kwetu ni hivyo hivyo, ila Mgiriki anayasema kama mtu anayepima sukari.

Neno jingine alilonipa ndilo lililoniangusha. Alinipa mwaka wa kwanza kabisa, akanyoosha kidole: "Jumamosi usinibishie hodi. Hata kama ni mukubwa wa mji anataka kununua duka lote." Niliona kwa macho yangu kwamba hakutania. Mfanyabiashara mmoja kutoka Pangi alikuja Jumamosi na pesa za kununua chumvi yote ya ghala. Mzee alimsalimia dirishani, akamwambia arudi kesho, akafunga dirisha. Yule mtu alinitukana mimi. Halafu ikaja salongo. Serikali iliamuru kila Jumamosi watu wote watoke na majembe, wafyeke njia, wazibue mifereji. Mzee alizibua sehemu yake Alhamisi, mita zote alizopewa na nyingine zaidi, ili Jumamosi asitoke. Mkubwa wa chama tawala mtaani alikuja mara tatu kumtisha mlangoni. Mara tatu Mzee alimwonyesha mfereji uliokwisha safishwa, akarudi ndani. Mimi nilisimama uani, nikasema moyoni: mtu huyu akiweza kuwakatalia hawa, hakuna atakayemkubalia.

Homa ilimshika mdogo wangu Alhamisi. Tulidhani ni malaria kama nyingine. Jumamosi alfajiri nilipomwinua nimpe maji, kichwa hakikuinama. Shingo ilikuwa imekaza kama mchi. Alilia mwanga wa mlango ulipomgusa macho.

Muuguzi alikuja saa nne. Alijaribu kumwinamisha kichwa, mtoto akapiga kelele ambayo sijasikia tena kelele kama hiyo. Muuguzi alituita nje, mimi na shangazi.

"Hapa niko na aspirini na maji," akasema. "Dawa ya ugonjwa huu iko misheni, njia ya Kibombo. Mumupeleke leo. Sasa. Musingojee jua liingie."

"Kwa gari gani?" shangazi akauliza.

Muuguzi akanitazama. "Huyu anatumika kwa Mgiriki. Mgiriki iko na gari."

Magari mengine ya mtaa yalikuwa yamelala bila mafuta, na lile la chama halikupandwa na watu kama sisi. Niliondoka mbio. Kutoka kwetu hadi kwa Mzee ni mwendo wa dakika kumi. Siku ile sikumbuki njia. Nakumbuka mlango wa nyuma tu, rangi ya kijani iliyobanduka, na mkono wangu uliokwisha kuinuka.

Haukugonga. Niliushusha.

Nimejiuliza miaka yote kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule, na nitasema nikijuacho. Niliogopa Mungu. Niliona kwamba siku hii ilikuwa yake na Mzee, na kwamba nikiivunja kwa ajili ya mtoto, huenda ni mtoto huyo huyo atakayepigwa. Hayo niliyaamini kweli. Lakini nyuma yake kulikuwa na jambo jingine, dogo na baya. Niliogopa kufukuzwa kazi. Watu wanne tulikula kwenye mkono wa Mzee. Nikajiambia kwamba nyota tatu zitaonekana baada ya saa kumi na mbili jioni, kwamba mtoto ni mgumu, kwamba nitaomba dua mpaka hapo na Mungu atamshikilia. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikafungua mikono, nikaomba.

Niliomba kwa nguvu zangu zote. Sitaki mtu afikiri kwamba sikuomba.

Adhuhuri nilikimbia nyumbani kumwona. Shangazi alinikuta kwenye kizingiti.

"Gari iko wapi?"

Ningeweza kusema sikubisha hodi. Maneno ni machache. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema: "Mzee amesema tungojee nyota. Ni siku yake."

Shangazi alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni.

"Nyota?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mutoto anakufa, yeye anahesabu nyota?" Alijifunga kikwembe upya kiunoni. "Toka hapo. Nitaenda mwenyewe. Nitamuhesabia nyota kwa mwiko."

Nilimshika mikono miwili. "Shangazi, usiende. Akikasirika hatatupa hata hiyo ya jioni."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuja rahisi kuliko wa kwanza. Shangazi alikaa chini, akavuta tasbihi yake, akaanza kuvuta punje huku akilia. Kila baada ya punje kadhaa aliacha kumtaja Mungu, akamlaani Mzee, akarudia kumtaja Mungu. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Aliongea na mama yetu, ambaye hakumfahamu. Alimwomba amfunge nywele.

Nilirudi kwenye ngazi za Mzee. Ndani nilimsikia akitembea, akisoma kwa sauti ndogo, kiti kikikwaruza sakafu. Alikuwa karibu nami kama nilivyo karibu na ukuta huu ninapoandika. Mchana ule barabarani watu wa salongo walipita na majembe, mtu wa chama akipiga filimbi, nami nilijibana nyuma ya pipa la maji wasije wakanichukua. Kivuli cha pipa kilifika kwenye mguu wangu. Nikakitazama kikipanda gotini.

Saa kumi mlango ulifunguliwa. Mzee alitoka na kikombe, kunawa mikono. Alinikuta nimekunja magoti.

"We! Unafanya nini hapa? Leo hakuna kazi."

"Ninangojea nyota, Mzee."

"Nyota ya nini?"

"Mdogo wangu iko mugonjwa. Shingo imekaza. Muuguzi amesema tufike misheni. Nilisema, siku yako ikiisha, nitakuomba gari."

Kikombe kilikuwa kimeinama mkononi mwake, maji yakimwagikia viatu.

"Muuguzi alisema saa ngapi?"

"Saa ine ya asubuhi."

Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka vile mbele yangu. Hakunipigia kelele. Alirudi ndani, nikasikia droo ikivutwa kwa nguvu hadi ikaanguka sakafuni na vitu vyake vyote. Alitoka na funguo tu.

"Panda."

Aliwasha kamyoneti, akatoka uani kwa kasi. Alisema na kioo cha mbele, si na mimi.

"Siku hii ni mlango. Kwa kuokoa roho ya mtu, inafunguka yenyewe. Haiombwe ruhusa. Hata anayesimama kuuliza kama inaruhusiwa, amekwisha kosa. Miaka sita uko kwangu, sikukufundisha hivyo. Ni kosa langu." Halafu akageuka. "Uliomba Mungu?"

"Toka asubuhi, Mzee."

"Alikujibu toka asubuhi. Alikupa mkono, na mlango, na mimi nyuma ya mlango. Ulitaka akuinulie na mkono?"

Alikanyaga breki. Tulikuwa tumefika kwetu.

Shangazi alipanda nyuma na mtoto mapajani, amefunikwa shuka. Mimi nilikaa huko huko nyuma mbele yao, nimeshika miguu ya mtoto isirukeruke kwenye mashimo. Kioo cha nyuma cha kamyoneti kilikuwa kimevunjika zamani, hivyo kila alichosema shangazi kilimfikia Mzee kisogoni.

"Sasa umekumbuka! Toka asubuhi unaachia mutoto anaungua kwa sababu ya siku! Siku ni mtu? Siku inazikwa? Mungu gani huyo wako anakula watoto ya wenzake Jumamosi?"

Niliona jicho la Mzee kwenye kioo kidogo cha dereva. Lilinitafuta, likanipata, likakaa juu yangu. Ndipo alipojua nilichosema nyumbani. Nilingoja aseme. Nilikuwa naomba dua nyingine sasa, ya aibu: asiseme, asiseme. Aliondoa jicho, akalirudisha barabarani. Hakusema.

Kizuizi kilikuwa kwenye mwisho wa mji. Asubuhi hakikuwepo; waliweka mchana kwa ajili ya salongo, mti umelazwa juu ya mapipa mawili. Askari watatu, na chini ya mteremko watu kama kumi wakizibua mfereji. Askari mwenye bunduki begani alizunguka gari polepole. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kilingala.

"Ah! Mgiriki! Leo si siku yako ya kulala?"

"Tuko na mugonjwa, chef," akasema Mzee, akimwita mkubwa.

"Karatasi."

Mzee alijigusa kifuani kwenye shati jeupe. Halikuwa na kitu. Kitambulisho, ruhusa ya gari, pesa, vyote vilikuwa vimetawanyika sakafuni chini ya meza yake, kilomita tatu nyuma.

"Sina karatasi leo," akasema.

"Hauna?" Askari alifurahi. Aliwageukia wenzake. "Hana! Mgiriki anatembea kama mwizi!" Kisha alimfungulia mlango. "Jumamosi zote watu wanalima mfereji, weye unalala na shati nyeupe. Shuka. Lima kidogo, halafu tutaongea mambo ya karatasi."

Niliruka chini. "Chef, nipe mimi jembe. Mimi njo kijana."

Alinisukuma kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu sana, nikaanguka kwenye tairi. "Weye kaa. Ni yeye ninataka kuona."

Nilijua tutakufia pale. Nilimwona mtoto akizikwa kando ya barabara ya Kibombo, Mzee akitiwa gerezani, na mimi nikibaki hai na uongo wangu. Mtu ambaye hakuwasha kiberiti Jumamosi tangu utoto wake, aliyewakatalia wenye pesa na wenye chama, sasa angekataa pia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Bado sikuwa nimeelewa neno lolote alilonieleza garini.

Mzee alichukua jembe. Alishuka mferejini na viatu vyake vya Jumamosi, matope yakampanda hadi kwenye soksi, akaanza kuchimba. Hakuchimba kwa hasira wala kwa unyonge. Alichimba kama alivyopigilia misumari, kwa mpango, akitupa udongo mbali usirudi. Watu wa mferejini walicheka mwanzoni. Mwanamke mmoja alisema, "Mgiriki, ongeza, bado haujalipa ya mwaka jana!" Kisha walimwona midomo yake ikitembea, wakaacha kucheka. Alikuwa akiomba na kuchimba kwa wakati mmoja, na hakuna jambo lililolingojea jenzake.

Sijui ilikuwa muda gani. Mita mbili, labda tatu. Shangazi alikuwa amefunua shuka ili mtoto apate upepo, na askari, aliyekuja kuchungulia kilichobebwa nyuma, alikutana na macho ya mtoto yaliyogeuka juu. Alirudi nyuma hatua tatu.

"Ni ugonjwa gani?"

"Ya kuambukiza," shangazi akasema bila kufikiri.

"Ondokeni! Ondokeni na kifo yenu! Mgiriki, toka mule, endesha!"

Tulifika misheni jua likizama nyuma ya michikichi. Sista aliyempokea alimlaza mtoto ubavu, akamchoma sindano ya mgongo, akatazama maji yaliyotoka, akatikisa kichwa. Alifanya kazi haraka bila kututazama. Baadaye, akinawa, aliuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali:

"Mbona mumemuleta sasa? Asubuhi ingekuwa kitu kingine."

Shangazi alimwonyesha Mzee kwa kidevu. "Umuulize huyu. Umuulize siku yake."

Sista alimtazama yule mzee mweupe, matope magotini, shati limeng'ang'ania mgongoni. Alimtazama kama tunavyotazama mtu ambaye hatutaki kumjua zaidi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo, na kwa kweli nilifikiri nitasema. Niliufunga tena. Kama wangejua ni mimi, mtoto akifa mikononi mwao, ningekuwa nani nyumbani?

"Umutibu mutoto, ma sere," Mzee akamwambia sista. "Sisi tutangoja nje."

Mdogo wangu hakufa. Siku ya tisa alikula uji. Siku ya kumi na mbili sista alipiga bakuli la bati kwa kijiko nyuma ya kichwa cha mtoto, akapiga tena, akapiga kwa nguvu hadi wagonjwa wengine wakageuka. Yeye aliendelea kuuchezea uzi wa shuka. Homa ilikuwa imechukua masikio yote mawili. Sista alisema ugonjwa ule hufanya hivyo, na kwamba saa za kuchelewa zina uzito.

Mzee hakunifukuza. Hakuligusa jambo lile dukani hata siku moja, wala mimi sikuligusa. Shangazi alikataa kupita mbele ya duka lake. Mtaani habari zilienea kwamba Mgiriki alimwacha mtoto wa watu akiungua ili atimize siku yake. Wateja wengine walihama. Aliwaona wakihama, akaniambia nifute vumbi kwenye rafu.

Mwaka haujaisha, ilitoka amri kwamba maduka ya wageni yapewe wananchi. Mzee alivaa koti, akazunguka ofisi zote na karatasi zake, asubuhi na alasiri, wiki nzima na nyingine, akingoja kwenye mabenchi pamoja na watu waliomcheka. Walipomwambia mwisho kwamba duka limepata mwenyewe, mtu wa chama, alirudi, akaketi uani, akaniomba chai.

"Nimegonga milango yote," akasema. "Iliyobaki si yangu."

Alikuwa na masanduku mawili. Nilimsaidia kuyafunga kwa kamba. Ndipo aliposema, bila kuniangalia:

"Umeomba Mungu musamaha?"

Sikujifanya kutoelewa. "Kila siku, Mzee. Alfajiri na jioni."

"Ni vizuri. Kwetu kuna siku moja kwa mwaka tunafunga, toka jioni mpaka jioni, tunaomba musamaha. Lakini ya mtu na mwenzake haimo mule. Kwa ile, unavaa viatu, unaenda kwa mtu mwenyewe. Mungu hapokee deni mtoto anakudai."

"Na nikimwambia, akanichukia?"

"Hiyo njo sehemu ya Mungu. Yako ni kutembea."

"Na jina lako, Mzee? Nimeliharibu mji mzima."

Alicheka kidogo, akakaza fundo. "Miaka makumi matatu wananiita Mgiriki. Sikufa."

Alipanda gari la moshi la kusini. Sikupata habari zake tena.

Sasa nimezeeka kuliko alivyokuwa yeye kwenye ngazi ya ghala. Nchi imebadilishwa jina tena. Shangazi alikufa akiamini alichoamini, na hilo siwezi kulirudisha. Mdogo wangu yuko, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Masista walimfundisha kusoma, kuandika na kushona. Anashona nguo za arusi ambazo watu hutoka Kibombo kuzifuata. Ana watoto watano. Amewasimulia kwa mikono, na kwa ile sauti yake isiyojua ukubwa wake, habari ya Mgiriki aliyengoja nyota. Watoto wake wakimwona mtu anachelewa kazini husema, "Usiwe kama Mgiriki wa mama." Wanasema hivyo mbele yangu, nami ninacheka pamoja nao, kwa sababu usipocheka watu huuliza.

Mara ngapi nimevaa viatu. Nimefika hadi kwenye mlango wake, nimesikia cherehani ikikimbia ndani. Kumbishia hodi ni bure, hasikii. Inabidi kuingia na kusimama mbele yake mpaka ainue macho. Ameyainua mara nyingi. Nimemwomba sindano. Nimemwomba chumvi. Nimemwuliza kama mvua imevuja kwake.

Mwezi huu niliamua kuandika, kwa kuwa karatasi haina macho. Nimeandika siku kumi na moja, mkono wangu si mwepesi. Jana aliingia kuazima sufuria, akanikuta nimeinamia kurasa hizi. Aliinua ukurasa wa juu kwa kidole, akaona mstari wa kwanza, akanigusa bega na kuniuliza kwa mikono: ni nini?

Nilimjibu kwa mikono kwamba ni karatasi za ofisi, za kiwanja.

Akachukua sufuria, akaenda.